Juisi ya Mama Zubair

...na haya maji nayo yameamua kunikomoa leo, nimeyateleka kitambo, makaa yamewaka vizuri, mekundu kabisa, lakini sufuria limetulia tuli, hata povu moja halijapanda, na Maroa anapiga honi tena huko mbele ya duka, honi fupi ya adabu, maana Maroa ananiheshimu, angekuwa dereva mwingine angeshaniacha akaenda zake Isebania, "Mama Idil, mimi nangoja tu, lakini hawa wengine kwa gari wameanza kununa, unaenda ama nimpee Pauline hiyo siti yako?" na mume wangu Yakub anajibu kwa niaba yangu bila kuniuliza, kama kawaida yake, namsikia anampimia mtu sukari, "Ngoja kidogo bwana, mama anapika maji," kisha anacheka, eti napika maji, na mteja naye anacheka, haya, chekeni, mimi nimekaa hapa uani kwenye kigoda, mfuniko mkononi, begi langu limefungwa liko mlangoni, khanga za mtoto zimo, mafuta ya simsim ya kumkandia Idil yamo, sabuni imo, jirikeni tupu liko ubavuni mwangu linangoja maji, kila kitu kiko tayari isipokuwa mwenye safari, kwa sababu mpaka sasa sijui kama naenda au siendi... Idil wangu yuko Musoma, ng'ambo ya mpaka, kwa wakwe, tumbo la mimba yake ya kwanza limeshuka, siku zake zimekaribia, Maroa amemwona kwa macho yake mwenyewe alipopeleka abiria juzi, "anatembea hivi, mama," akanionyesha, akainua tumbo lake lile la bia akatembea nalo dukani mpaka tukacheka wote, lakini mimi nilicheka kwa mdomo tu, mimba ya kwanza ni ya mama, hivyo ndivyo kwetu, mama ndiye anayemwosha mwanawe kwa maji ya moto, ndiye anayemkanda tumbo na kulifunga, mama yangu alitoka Isiolo akaja mpaka hapa Suna mahali asipojua mtu wala lugha, akaniosha mimi na huyo huyo Idil, na mikono yake bado naijua mgongoni mwangu mpaka leo... ila wakati ule hakukuwa na kipindupindu.

Sasa kiko kila mahali, mvua za El Niño zilipokwisha kumwagika vyoo vikafurika, visima vikachanganyika na mambo yasiyotajika, kikaingia, redio inataja Homa Bay, inataja Kampala, inataja Dar, inataja mpaka Msumbiji, nikajiambia Sainab tulia, utakwenda kikiisha, nikasema nitakwenda baada ya Ramadhani, Idi ikapita, nikasema nitakwenda mvua zikikatika, nikasema nitakwenda siku redio itakaposema basi, kimekwisha, na leo ndipo najiuliza, nani atakayesema? Kuanza kilianza bila kupiga hodi, tulisikia tu fulani amehara usiku, asubuhi hayupo, na kuisha kitaisha vivyo hivyo, polepole, siku watu watakapochoka kukizungumza, na mtoto wa Idil hasikilizi redio, yeye saa yake ikifika atatoka... "Mwambie mama asije mpaka njia iwe nzuri," ndio ujumbe aliompa Maroa, nikamuuliza Maroa alisema akiangalia wapi, akashangaa, "Kuangalia aje, mama? Alikuwa anaangalia chini tu," basi, namjua mwanangu, Idil akikwambia usije huku anaangalia chini maana yake njoo, njoo sasa hivi. "Njia iko sawa!" Maroa anapaza sauti utadhani ameingia kichwani mwangu, "mimi navuka kila siku na sijahara hata mara moja!" na wale abiria wanamzomea, na Yakub anasema astaghfirullah, mbele ya wateja wangu... lakini ni kweli, njia iko sawa, sikuwahi kuiogopa njia, maji nitabeba yangu, mkate nitabeba wangu, sitanunua hata ndizi ya kuchoma pale mpakani, sasa mbona mikono imekuwa baridi na mimi nimekaa mbele ya makaa, unaogopa nini wewe mwanamke... naogopa juisi. Hiyo tu, nimeitaja, naogopa juisi ya Mama Zubair, mama mkwe wa mwanangu, nakumbuka nilipokwenda kwake baada ya harusi, sebule ile ya vitambaa vilivyofumwa, juisi ya ukwaju kwenye glasi ndefu, mabarafu yanagongana ndani, naye hakuwekei tu akaenda, anasimama mbele yako, mikono kifuani, anatabasamu, "Kunywa mama, japo ukate kiu, au vyetu vya huku havikupendezi?" nikanywa, nikaongezewa, nikanywa, na nani huyo aliyechemsha maji ya barafu... na kwa wakwe hukatai, ukikataa umesema nyumba yao chafu, halafu wewe unapanda gari unarudi kwako, mwanao ndiye anayebaki kuimeza hiyo aibu kila siku kwa chakula chake.

Ndivyo alivyosema Filister pia, maskini Filister, aliyekuwa akiniletea omena kutoka Homa Bay tangu watoto wetu wakiwa wadogo, alisimama hapo hapo mlangoni na ndoo yake, anakwenda Kosele matangani, nikamwambia Filister usile kitu huko, usinywe kitu, akanitazama kama mtu aliyeambiwa aende uchi, "Mama Idil, nitakataa aje, na hao watu wamefiwa? Watanipea nyuka kwa kalabash, nikatae?" akacheka, nikacheka na mimi, uji wa wafiwa unaukataaje, akaenda, akapewa, akanywa, na mumewe Cephas ndiye aliyekuja kutuambia, alisimama na kofia mkononi, mkewe amezikwa siku ile ile aliyokufa, watu wa afya wamemwagia dawa, mwili haukulala nyumbani hata usiku mmoja, hakuna aliyepikiwa, hakuna aliyelia kwa zamu yake, yeye aliyekunywa kwa kuheshimu matanga ya wenzake akakosa matanga... nilikupenda Filister, sijapata kukuambia, na omena zako sasa naletewa na mtu mwingine, si nzuri... Nilikuwa nadhani ameuawa na ugonjwa, na ni kweli ni ugonjwa, lakini ugonjwa ulikuja ndani ya kibuyu, ukashikwa kwa mikono miwili, ukasemewa karibu, naye neno moja tu lilimshinda, hapana, neno fupi hivyo, na mimi hapa miezi yote hii nangoja redio initangazie, kumbe hata kikiisha Kenya yote na Tanzania yote mimi sitajua, bado nitafika pale sebuleni na ile glasi italetwa, basi kinachongojewa si redio, ni mimi. Na kama mimi ndiye nitakayewapelekea ugonjwa? ... hilo nalo lipo, usilikimbie Sainab, Suna hii hii yenye visima vile vile, mikono hii hii, pengine mama yake Zubair naye amelala macho kule akiogopa mgeni wa kutoka Kenya, na ana haki, basi tutaogopana sawasawa, nitamwambia mlangoni kabla ya kukaa, mama mwenzangu nisamehe, nipe sabuni ninawe mikono, na usinipe chochote, sinywi, nimekuja na maji yangu, nayo nitayachemsha tena mbele yako, na mtoto sitamgusa mpaka umeniona nimenawa, na yeye atasimama pale, mikono kifuani, tabasamu litamtoka usoni, na Idil na tumbo lake ataangalia chini, ataona aibu mpaka masikio, aone, aone aibu ya mama aliye hai, hiyo tutaicheka siku moja na mjukuu akiwa amekaa katikati yetu, ile nyingine hakuna wa kuicheka... "Hapana," nalijaribu, kwa sauti ndogo, hapa uani, "hapana, mama, sinywi," na Yakub anauliza kutoka dukani unaongea na nani, "Na Mama Zubair," namjibu, pengine anadhani joto la makaa limeniingia kichwani, na ile honi tena, fupi, ya adabu, "Mama Idil, niambie basi, unaenda ama hauendi?" na sufuria bado limetulia, makaa yale yale, mfuniko ule ule mkononi mwangu, lakini mikono imepata joto, "Naenda!" nasema, kwa sauti mpaka kuku wa jirani wanatawanyika, "mwambie Pauline atafute siti nyingine, naenda, lakini maji bado, mtaningoja."