Mzigo Ukipita Juu ya Nyumba

Asubuhi hiyo mwanafunzi mpya alipanda ngazi ya winchi akiwa amekaza kamba za viatu mara mbili, na mkufunzi akapanda nyuma yake akimwambia asitazame chini wala juu, atazame mkono unaoshika. Mwanafunzi alikuwa binti aliyetoka kwenye cherehani ya shangazi yake, kwa hiyo wenzake walimwita Sindano. Mkufunzi walimwita Kobe. Jina hilo alilipenda, maana kobe hajawahi kumwangushia mtu kitu.

Kiwanda kilikuwa cha kumwaga nguzo za zege. Nguzo zilikaukia upande mmoja, malori yakapakia upande wa pili, na katikati paliingia kipande cha mtaa chenye nyumba fupi zilizobanana. Mkono wa winchi ukizunguka kushoto, ulipita juu ya nyumba hizo ukafika upesi. Ukizunguka kulia, ulipita juu ya uwanja mtupu, ukachelewa.

Kobe alifundisha kwa mikono. Mwanzo aliweka viganja vyake juu ya viganja vya Sindano, wakasukuma vishikio pamoja. Kisha akabakiza kidole kimoja tu. Baadaye akawa anakaa nyuma, mikono magotini, akikohoa kidogo pale mzigo unapotaka kuyumba. Hakupata kumpandishia mtu sauti, na waliopita mikononi mwake walikuwa wengi.

Siku moja, wakizunguka kushoto kama kiwanda kilivyoagiza, Sindano aliona mshale wa kipimo cha uzito unashuka. Nguzo ilikuwa ileile, minyororo ileile, lakini winchi ilikwenda kama imebeba kapu tupu.

"Uzito umekwenda wapi, baba?"

"Uzito haupotei, mwanangu. Umeshuka na kivuli," Kobe akajibu. "Kesho hatupandi. Kesho tunakwenda chini."

Kesho yake wakapiga hodi kwenye mojawapo ya zile nyumba fupi, ya muuza mkaa, na mkewe akawapokea.

"Karibuni, kaeni. Humu kusimama ni kujionyesha."

Chai ilikuwa inamiminwa wakati kivuli cha nguzo kilipopenya bati na kujilaza mabegani mwa wote. Vikombe vikadidimia kidogo mezani. Mama mwenye nyumba akainamisha kichwa, akaendelea kumimina.

"Huyu mkwe wangu," akasema, akimwonyesha mwanamume aliyelingana na meza, "siku aliyokuja kuposa aligonga kichwa mlangoni."

"Mama naye. Hilo kila mgeni lazima aambiwe?"

"Nakusifu, baba. Wengine walikimbia."

Sindano alihisi shingo yake ikizama. Kivuli kilipoondoka, suruali yake ilikuwa inaburuzika chini. Jioni akaipunguza pindo, kazi aliyoijua.

Siku ya mtihani ikafika. Cherehani ya shangazi ilikuwa imeshauzwa kumlipia mafunzo, kwa hiyo kama si cheti, hapakuwa na pa kurudi. Msimamizi wa kiwanda, waliyemwita Bwana Saa, alisimama chini na redio yake.

"Kushoto," akaamuru.

Sindano akamgeukia Kobe. Mikono ya Kobe ilikuwa magotini, na hakukohoa. Sindano akazungusha kulia.

Nguzo ilikuja na uzito wake wote. Mshale ukasimama juu, kamba ya chuma ikaguna, na winchi nzima ikalalama kama mzee anayeinuka mkekani. Sindano hakuharakisha. Alisogeza, akasubiri mzigo utulie, akasogeza tena, na mwisho akaitua nguzo juu ya lori kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Dereva wa lori alikuwa amelala usingizi kwenye usukani. Hakuamka.

"Sijaona mzigo ukituliwa vizuri hivi," Bwana Saa akasema, na hakuwa anadanganya. "Lakini umechelewa, na kamba umeichosha. Kushoto kamba haichoki. Utarudia."

Sindano akashuka ngazi. Kobe akamngojea chini.

"Basi tutajifunza," akamwambia.

Amerudia mtihani huo mara nyingi, na kila mara amezungusha kulia. Mpaka leo ni mwanafunzi, na kwa kuwa kanuni inakataza mwanafunzi kupanda peke yake, Kobe amekataa kustaafu. Wanafunzi waliokuja nyuma ya Sindano wana vyeti. Wanazunguka kushoto, nguzo zinafika mapema, na wakati wa mapumziko wanamfuata Sindano awaonyeshe namna ya kutuliza mzigo usiyumbe. Anawaonyesha, viganja vyake juu ya vyao.

Kule kwenye nyumba fupi wanaijua zamu yake kwa jinsi winchi inavyoguna kwa mbali. "Mwanafunzi huyo," husema mama mwenye nyumba, na wote huinuka, mkwe naye, wakanywa chai wakiwa wima. Zamu ikiisha, hukaa chini.