Kikombe cha Njano

Komeo la mlango wa mbele lilikwaruza, likanyamaza, likakwaruza tena. Alfajiri ilikuwa bado. Bibi alijikuta ameketi kitandani kabla hajajua kwamba ameamka, moyo unamwenda mbio.

Alikuwa mjukuu wake tu, Chiriku, amechuchumaa mlangoni na simu mkononi.

"Umenitoa roho, wewe!"

"Samahani, bibi. Narekodi komeo. Jana mbwa alinibwekea katikati."

"Na leo nikubwekee mimi?"

Walicheka, lakini Bibi hakuweza kulala tena. Kwa miaka kumi na moja komeo hilo ndilo lililompa habari za mwanawe wa mwisho. Alikuwa akiuacha mlango bila kuufunga, akalala macho wazi. Kabla ya mapambazuko angesikia *kwaruu*: Mziwanda ameingia, amefunga, yu hai, hata kama amelewa unga wa kulevya. Hapo ndipo usingizi ulipomjia.

Sasa Mziwanda alikuwa hospitali, huu ukiwa mwezi wa tatu, mapafu yamechakaa, na daktari hazungumzii tena habari ya kurudi nyumbani.

Chiriku, mtoto wa binti yake mkubwa, alikuwa akitengeneza mchezo wa kompyuta na wenzake watatu. Ndani yake mama mmoja anazunguka mitaani kumtafuta mwanawe anayejidunga. Mziwanda mwenyewe ndiye aliyetaka kuwa huyo mwana. "Nirekodi nikiwa hivi hivi," alimwambia mpwa wake. "Kuhema kwangu, kulia kwangu, yote. Mtoto mmoja akinisikia akaghairi, basi nami nitakuwa nimefanya kazi moja duniani." Akasimulia arosto, yale mateso ya kuikosa dawa, ilivyo: mifupa inavyouma, matumbo yanavyojisokota, unavyomwibia mama yako kanga za kuvaa. Dakika nne. Bibi alizisikiliza mara moja tu, akaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Saa tatu asubuhi walikuwa ofisi ya ukaguzi, inayotoa vibali vya michezo ya kompyuta. Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba. Alipomwona Bibi aliinuka, akamwamkia, akamsogezea kiti chake mwenyewe mbali na jua la dirishani, naye akakalia boksi la karatasi. Bibi aliliona hilo, akaliweka moyoni.

"Sindano mmeitoa, vizuri," mkaguzi alisema, akitazama kompyuta. "Mmeweka kikombe cha njano. Hicho hakina neno. Imebaki sauti."

"Sauti ina nini, mama?" Chiriku aliuliza.

Mkaguzi aligeuza karatasi ili Bibi naye aione. Mchezo usionyeshe dawa ya kulevya, wala kifaa chake, wala jina lake, wala athari zake.

"Huyu mtu anaugua. Hiyo ni athari."

"Huyo mtu ni mwanangu," Bibi alisema.

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi.

"Binti yangu," Bibi aliendelea taratibu, kama anayemwonyesha mtu njia, "mkionyesha kunywa mkaficha kuugua, mtoto atajifunza nini?"

"Mama, mimi orodha hii naisoma tu. Sikuitunga. Nikiipitisha, juu wataurudisha mchezo wote, na mimi pamoja nao." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Niliisikiliza mpaka mwisho. Sheria inasema dakika moja yatosha. Niliisikiliza yote, mara mbili."

Bibi alimwamini. Aliona pia kwamba kuamini hakukubadilisha kitu. Chiriku alikuwa na wenzake watatu waliokesha mwaka mzima juu ya mchezo huo. Akaifuta sauti pale pale mezani. Muhuri ukagonga.

Mchana walikwenda wodini. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mzee asiyekuwa na mgeni hata mmoja, aliwasukumia kigoda kwa mguu wake mzima, akageukia ukutani ili wazungumze. Mziwanda alikuwa mifupa na macho. Macho yalikuwa yale yale ya utukutu.

"Enhe, nyota wa sinema nimepita?"

Chiriku alimwekea kompyuta kifuani, akaishika mwenyewe, maana mikono ya mjomba haikuwa na nguvu. Kwenye skrini yule kijana alijikunyata chini ya ngazi. Akatoa kikombe cha njano. Akanywa. Kipimo chake cha nguvu, mstari mwembamba juu ya kichwa, kikapanda, kikajaa, kikang'aa. Kijana akasimama akaondoka mbio.

"Rudisha," Mziwanda alisema.

Akanywa tena. Kikapanda tena.

"Mbona napona?"

Chiriku aliinama. Ndipo naye alipoliona. Katika mchezo wao kila kinywaji kiliongeza nguvu. Ndivyo walivyokipanga tangu mwanzo, chai, maji, chochote. Sindano peke yake ilikuwa inapunguza. Walipoitoa na kuweka kikombe, hakuna aliyekumbuka. Na ofisi, iliyokagua kila kitu, ilikiona kikombe kikimpa kijana nguvu, ikagonga muhuri.

"Nitakirekebisha, mjomba. Nitakifanya kimdhuru."

"Kikimdhuru, hiyo ni athari." Alikohoa kwa muda mrefu. Bibi alimshika mgongo, akahisi kila mfupa. "Ningekuwa na miaka kumi na mitano ningekinywa hicho kikombe, Chiriku. Tena mbio. Nitoe."

"Kibali kishatoka."

"Kutoa hawajawahi kukukataza. Nitoe mimi mzima. Usiniache humo niwe tangazo la juisi."

"Sasa yule mama atamtafuta nani?"

Mziwanda alimtazama Bibi. "Muulize huyu. Kwani alikuwa ananiona, au ananisikia tu?"

Chiriku alilia huku anafanya kazi. Haikuchukua hata robo saa. Pale kijana alipokuwa amejikunyata palibaki ngazi tu. Mziwanda alitazama mpaka mwisho, kisha akafumba macho, na Bibi akaona midomo yake inacheza kama ya mtoto anayezuia kilio. Kile alichotaka kuacha duniani hakikuwepo tena.

"Kumebaki nini?" aliuliza.

"Nyumba. Mama amekaa kitandani. Na komeo, nilirekodi leo."

Chiriku aliiwasha sauti hiyo. *Kwaruu.* Mzee wa kitanda cha jirani aligeuza kichwa.

Kengele ya wageni ikalia. Bibi alimfunika mwanawe miguu, iliyokuwa baridi, akainuka. Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia anaitwa, kwa sauti nyembamba, bila utani wowote.

"Mama. Kesho uje tena."

"Nitakuja, baba."

"Uje mapema. Hata ukinikuta nimelala, ingia tu. Uje."