Maoni ya Phelis Kuhusu Mla Watu wa Darajani

Karatasi ya majina ilibandikwa kwa gundi ya unga kwenye ukuta wa kituo cha chai cha Kapchemusi, nyuma ya mizani, mahali mvua isipofika. Ilikuwa na majina ishirini na mawili. Aliyetaka kusoma kitabu cha Mwalimu Rodah aliandika jina lake hapo, akangoja zamu. Kitabu kilikuwa kimoja. Kiliitwa Mla Watu wa Darajani, nacho kilisimulia habari za mji mdogo wenye posta moja na baa mbili, ambako zimwi liliishi chini ya daraja na kula watu mmoja mmoja, likianza na wale wanaochelewa kufunga maduka.

Rodah alifundisha wazee na akina mama masomo ya ngumbaru. Alikinunua kitabu hicho Kericho mwanzoni mwa mwaka wa tisini na tano, akaweka sharti moja: hakirudi bila maoni. Alikuwa ameshonea kurasa tupu za daftari mwishoni, na kila aliyemaliza aliandika humo anavyofikiri, akatia sahihi. Maoni mapya yalisomwa kwa sauti saa nne asubuhi, watu wakingoja lori la kiwandani, majani ya chai yakianza kupata joto vikapuni.

Mwenyekiti Kipkoech ndiye aliyesoma kwanza, kwa sababu ndiye anayekuwa wa kwanza katika kila kitu. Aliandika: "Kitabu kizuri. Kinafundisha watu kutotembea ovyo." Chepkosgei aliandika: "Siku tatu sikulala. Mzee wangu alinisindikiza hadi chooni na akalalamika." Karani wa mizani, Orina, mtu wa Kisii mwenye mdomo mwepesi, aliandika: "Mwandishi ametudanganya. Zimwi haliwezi kumeza polisi watatu na lisiumwe na tumbo." Mzee Kiptum, ambaye alisomewa na mjukuu, alisema waandike hivi: "Chemosit, yule zimwi tuliyeambiwa na nyanya zetu, alikuwa na mguu mmoja na alikaa msituni. Huyu wa kitabu anataka daraja. Sisi daraja hatuna. Akija huku atakaa wapi?"

Hapo watu walicheka mpaka Orina akasahau kusoma mizani. Bethwel peke yake hakucheka.

Mkewe Bethwel, Phelis, alikuwa namba kumi na moja. Alikufa mwezi wa tano, namba nane akiwa bado anasoma. Tumbo lilimshika asubuhi, wanaume wanne wakambeba kwa kitanda kumpeleka hospitali kule Kaplong. Mto ulikuwa umejaa. Pale ambapo daraja lilipaswa kuwa palikuwa na gogo la mti lililolazwa, na katikati ya gogo watu wakateleza. Wanaume walitoka. Phelis alipatikana kesho yake, chini kidogo, amenaswa na mizizi. Bethwel ndiye aliyekuwa ameshika upande wa kichwa. Hilo hakupenda kuulizwa.

Alichopenda kusema, na alikisema kwa yeyote aliyesimama karibu, ni habari za vyuma. Serikali ilikuwa imeleta vyuma vinne virefu vya daraja miaka mitatu nyuma. Vilishushwa kwa mwenyekiti wa kamati ya daraja, yaani Kipkoech, vingoje mafundi. Mafundi hawakuja. Vyuma vikachoka kulala nje, vikasimama wima na kubeba paa la zizi la ng'ombe wake wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa mengi. Kila mtu aliviona. Njia ya mtoni inapita hapo hapo.

"Mimi nilifika darasa la pili tu," Bethwel alikuwa akisema. "Lakini chuma nakijua. Wale wakubwa wamesoma mpaka wakasahau kitu kinaitwa mto."

Barua ya kifo ilimshinda kupata. Mto ule ndio mpaka wa lokesheni mbili, kila moja na chifu wake. Chifu wa upande huu alisema Phelis alifia upande ule. Chifu wa upande ule alipiga hesabu ya gogo kwa hatua zake mwenyewe, akasema alifia upande huu. Bethwel alimzika nyuma ya nyumba, kwenye ncha ya shamba la chai, kwa kuwa mwili haungoji muhuri. Rodah naye alisema hawezi kukata jina la mtu kwenye karatasi bila barua ya chifu. Ndiyo sababu jina lilibaki.

Zamu ya Phelis ilifika Jumatatu, tarehe kumi na nne mwezi wa nane. Orina alimpa Bethwel kitabu pamoja na risiti ya majani.

"Peleka nyumbani, mzee. Ni zamu ya mama."

"Mama alikufa, Orina. Wewe mwenyewe ulikula githeri matangani."

"Na ilikuwa tamu, Mungu amlaze. Mimi najua alikufa. Karatasi ndiyo haijui."

Bethwel alikiweka kitabu juu ya kigoda cha Phelis, karibu na mlango, akaenda kukamua. Aliporudi na ndoo, saa kumi na moja jioni, Phelis alikuwa ameketi kwenye kigoda akisoma. Alikuwa amelowa kuanzia kiunoni kwenda chini. Maji yalitiririka kwenye upindo wa gauni yakafanya kidimbwi sakafuni, na kuku mmoja alikuwa akinywa hapo.

"Umechelewa kukamua," alisema bila kuinua macho.

"Ng'ombe alikuwa mbali," Bethwel alijibu, akaenda kutafuta gunia la kufuta maji.

Phelis alikuja hivyo kila siku baada ya hapo, saa kumi na moja, akitokea upande wa mto. Alisoma kurasa saba au nane, akakunja ncha ya ukurasa, akaondoka kabla giza halijaingia. Chai hakunywa. Majirani walipopita walimsalimu kutoka kwenye ua. Chepkosgei alisimama mlangoni kumuuliza amefika wapi, akaambiwa amefika pale mwuza nyama anapopotea, akapiga kofi pajani na kusema, "Ngoja tu, mama! Bado!" Malalamiko pekee yalitoka kwa namba kumi na mbili, aliyeona kwamba marehemu anasoma polepole.

Bethwel alikuwa akihesabu siku. Tarehe nane Septemba ilikuwa siku ya kusherehekea kusoma na kuandika, na Bwana DO mwenyewe, mkuu wa tarafa, alitarajiwa kituoni kusikiliza maoni ya wasomaji. Bethwel aliona jambo moja, akaliona wazi kama chuma. Malalamiko yake mwenyewe yalikuwa yametupwa mara nne, kwa chifu mara mbili na kwa kamati mara mbili. Lakini maoni ya kitabu hayakatazwi mtu. Phelis akiandika habari za vyuma mle ndani, Rodah atasoma, DO atasikia, na vyuma vitarudi mtoni.

"Mama Chepkurui," alimwambia Phelis siku ya sita, akimwita kwa jina la binti yao aliyeolewa mbali, "utaandika ile maneno?"

"Maneno gani?"

"Unayajua."

"Sijamaliza kitabu. Mtu hatoi maoni ya kitabu hajamaliza. Hiyo ni tabia ya wanasiasa."

Akarudi kusoma. Bethwel akaendelea kufuta maji kwa gunia lake.

Habari hazina mlango. Siku ya tisa, mwenyekiti Kipkoech alifika nyumbani, koti la suti mwilini na gamboti miguuni, fimbo kwapani. Alimsalimu Phelis kwa heshima, akauliza ameona nini mpaka sasa.

"Niko ukurasa wa sitini na tano, mwenyekiti."

"Bado halijamla yule kasisi?"

"Usinimalizie hadithi!"

Wakacheka wote wawili. Kisha mwenyekiti akamwita Bethwel nje, wakasimama kando ya mtungi wa maji ya mvua.

"Kitabu kina wiki mbili, Bethwel. Hizo ni sheria za mwalimu."

"Wiki mbili hazijaisha."

"Na nafasi ya maoni ni ndogo. Mwambie aandike kifupi. Kizuri, kibaya, basi. DO hana siku nzima."

"Mwambie mwenyewe. Yuko hapo ndani."

Mwenyekiti alitazama mlangoni. Maji yalikuwa yametoka nje, yakikaribia viatu vyake. Akasogea.

"Wewe ni mtu wa chai," alisema. "Chai inataka amani."

Kesho yake Orina alimwaga kikapu cha Bethwel mezani, akachambua, akakirudisha. Majani ni makubwa, alisema, kiwanda kinataka majani mawili na kichipukizi. Yalikuwa majani mawili na kichipukizi. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na nyingine, mpaka Septemba ikaingia. Orina hakumtazama usoni, na siku hizo hakutoa mzaha hata mmoja. Bethwel aliyabeba majani mpaka nyumbani, akayamwaga chini ya migomba. Yalikuwa tayari yamegeuka rangi ya tumbaku.

"Wanarudisha chai yetu," alimwambia Phelis.

"Nimeona migombani."

"Sasa?"

"Sasa nimebakiza kurasa kumi na moja."

Bethwel alitaka kupaza sauti, kama alivyokuwa akifanya zamani, ila aliona miguu ya Phelis. Ilikuwa imekunjamana kama ya mtu aliyefua nguo tangu asubuhi. Akainama kufuta maji. Baadaye, bila kupanga, maneno yakamtoka.

"Mimi ndiye nilikuwa upande wa kichwa."

Phelis alifunua ukurasa.

"Gogo liliteleza, Baba Chepkurui. Ulishika mpaka ukaingia na wewe. Nyamaza nisome, hapa pameanza kuwa pazuri."

Alimaliza siku ya Alhamisi, tarehe saba, kitabu kikiwa kimepitisha wiki mbili tayari, akaomba kalamu. Aliandika kwa muda mrefu, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Bethwel alisimama nyuma yake. Herufi alizijua, lakini zikishikana hivyo zilimpita mbio. Hakuuliza. Usiku Bethwel alilala amekishika kitabu kifuani, kikalowesha shati.

Ijumaa DO alifika saa tano, na chifu wa upande huu, na viti vya kanisa. Akina mama waliimba. Rodah alisoma maoni moja baada ya jingine. DO alicheka ya polisi watatu, akaomba yarudiwe. Mwenyekiti, aliyekaa mstari wa mbele, alicheka pia, mkono mmoja ukizungusha fimbo. Rodah akafungua ukurasa wa mwisho. Ulikuwa umevimba kwa maji. Akasoma kwa sauti ile ile ya darasani:

"Nimesoma chote. Kimeandikwa vizuri, hasa habari za mwuza nyama. Lakini sikuogopa. Zimwi la kitabu linangoja watu chini ya daraja. La kwetu lilibeba daraja lenyewe, likalifanya nguzo za zizi. Nilivipita vile vyuma vinne nikiwa nimebebwa kitandani, mvua ikinyesha, na ng'ombe walikuwa wamekaa pakavu. Naomba virudishwe mtoni kabla mwingine hajapita. Phelis, namba kumi na moja."

Mwenyekiti alitazama fimbo yake kana kwamba ndiyo iliyotajwa.

"Phelis ni nani?" DO aliuliza.

Phelis alisimama kutoka nyuma, karibu na mizani. Chini yake udongo ulikuwa tope.

"Huyu ndiye mama mnasema alikufa mtoni?"

Chifu aliinuka haraka, kofia mkononi.

"Bwana DO, kwa ofisi yangu hakuna barua ya kifo. Kwa rekodi, huyu mama yuko hai."

"Na kwa ofisi ya ng'ambo?"

"Hata huko hakuna barua, bwana."

"Sasa mtoni alikufa nani?"

Chifu alifikiri. "Hakuna, bwana."

"Alikufa!" Bethwel alisema kwa nguvu. "Nilimzika mimi! Kaburi liko pale!"

DO alimtazama kwa upole, kisha akamtazama Phelis, kisha akaandika kwenye daftari lake.

"Mzee, mke wako amesimama hapo, anasoma, anaandika, anatoa maoni. Wengine wangefurahi. Ombi la daraja la dharura linataka kifo. Kama hakuna kifo, litafuata foleni kama mengine." Akamgeukia mwenyekiti. "Vyuma viko salama?"

"Viko salama kabisa, bwana. Vimesimama."

"Viendelee kutunzwa."

Watu wakapiga makofi kwa sababu mstari wa mbele ulipiga. DO alisifu mwandiko wa Phelis kuwa safi kuliko wa makarani wake, akampa zawadi ya msomaji bora, mwavuli mweusi mpya. Phelis alishukuru. Chifu aligonga muhuri juu ya maoni yake, IMEONEKANA, na wino ukatambaa kwenye ukurasa uliolowa. Rodah alimpa namba kumi na mbili kitabu. Lori likaja. Orina alipima chai ya Bethwel, akaikubali yote.

Mwaka huo mvua haikuisha upesi. Phelis hakurudi tena kwenye kigoda. Alionekana mtoni, pale daraja linapopaswa kuwa, amesimama katikati kando ya gogo, maji yakimfika kiunoni, mwavuli mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alivusha watu. Watoto wa shule walimzoea kwa siku mbili. Akina mama wenye mitungi ya maziwa walimpa habari za nyumbani wakipita. Hakuteleza mtu tena, na kamati ikaandika kwenye ripoti yake kwamba kivuko kipo na kinafanya kazi.

Bethwel alikaa wiki nzima bila kwenda. Kisha ng'ombe akaugua, na dawa ilikuwa Kaplong, ng'ambo. Alifika ukingoni, akavua viatu. Phelis alinyoosha mkono. Ulikuwa baridi, na ulishika vizuri.

"Rodah ameleta kitabu kingine?" aliuliza walipofika katikati.

"Sijui. Sijaenda kituoni."

"Uende. Uandike jina langu."

Bethwel aligeuka kutazama nyuma. Kutoka hapo zizi la mwenyekiti lilionekana lote, juu ya mteremko. Vijana wawili walikuwa kwenye ngazi, wakivipaka vile vyuma vinne rangi ya kijani, visishike kutu.

"Angalia gogo," Phelis alisema, "usiangalie huko." Bethwel akaangalia gogo.