Kwenu Kwenu

Kwenye timu ya taifa, mchezaji mpya hukaribishwa kwa kiti. Wakati wa chakula cha mchana, hotelini katikati ya jiji, anapandishwa juu yake, anataja jina, anataja kwao, kisha anaimba wimbo wa kwao. Jina na wimbo havikumsumbua Taranjit, kipa mpya. Kilichomkatia hamu ya ugali ni hicho cha katikati.

Na alikuwa na haki ya kuogopa. Mwezi uliopita watu wa India walimpigia simu: njoo udakie nchi ya babu zako, ila uraia wa Kenya uurudishe. Alikataa hata kabla hajamwambia mamake. Sasa hawa aliowachagua wakimfanya mgeni, angeenda kulilia wapi?

Akapanda. "Naitwa Taranjit. Kwetu ni Mutuini, hapa pembeni mwa jiji."

Meza zote zikacheka. Hakikuwa kicheko cha ubaya, lakini kilimchoma vilevile.

"Hapo ni mahali mnaishi," akasema Musili, nahodha, huku akitafuna. "Mimi nauliza kwenu kwenu. Ushago. Pale mmezika babu."

Taranjit alifikiria kutaja kijiji cha Punjab ambacho hajawahi kukiona, yaishe. Ulimi ukakataa.

"Sisi hatuziki, kapteni. Tunachoma. Babu alizaliwa Mutuini, akafuga ng'ombe Mutuini, akafia hapo hapo. Majivu yake tulimwaga na baba kwa mto, pale chini ya shamba."

"Huo mto unaenda wapi?" Musili akauliza.

"Unazunguka tao, hapa jijini, halafu unaingia Athi."

Musili akasahau kutafuna. Kwao ni Ukambani, ukingoni mwa Athi. Mamake humwagilia mboga ya sukuma wiki kwa maji hayo tangu yeye akiwa mgongoni, na sukuma hiyo ndiyo iliyomjenga kifua chote kile.

"Athi hii yetu?"

"Kwani kuna ingine?"

Nahodha akasukuma sahani kando. Aibu ilimjia waziwazi, na hakujaribu kuificha.

"Kumbe babu yako alifika kwetu kitambo," akasema. "Ni mimi sijawahi fika kwenu. Haya, imba, mtu wa Mutuini."

Taranjit akaimba wimbo wa Kipunjabi ambao babu aliwaimbia ng'ombe wakati wa kukamua. Sauti yake ilikuwa mbovu ajabu, na Musili ndiye aliyepiga makofi ya kwanza.