Hatua ya Saba

Karatasi ya maelekezo ilibandikwa ukutani, na hatua yake ya saba ilisema: "Kioo kikibaki cheusi, zima kompyuta, anza upya." Mjomba, fundi wa ofisi, aliiandika mwenyewe enzi zile kompyuta zilipokuwa mpya. Sasa alikuwa akiziwekea mfumo wa kisasa, na tangu asubuhi alikuwa ameizima moja na kuianza upya mara tano. Jasho lilimtiririka.

"Saa sita lori la chuma chakavu linafika," mkuu wa ofisi alisema. "Ile moja iliyokubali wiki jana ilikuwa bahati. Nisipoona ya pili ikikubali, zote kumi na mbili zinapanda lori."

Mjomba akanyoosha kidole kuizima tena.

"Mjomba, usiizime." Alikuwa mpwa wake, aliyekuwa akipiga deki chumba hicho kwa mwaka wa pili sasa.

"Wewe wa darasa la saba, leo umekuwa fundi?"

"Hatua yenyewe si ya saba? Tutaelewana. Wiki jana ulipoitwa juu, uliiacha ikiwa nyeusi. Nikapiga deki kuanzia mlangoni hadi dirishani, nikamaliza na korido. Nasuuza ndoo, picha hiyo! Haijafa, Mjomba. Ni kikongwe, inavuta pumzi."

"Na hukusema?"

"Ulirudi ukajisifu mbele za watu. Ningekuumbuaje?"

Mkuu alicheka. Mjomba akaingiza mikono mfukoni. "Haya, piga deki tuone."

Akapiga. Chumba kikaisha, kioo cheusi. Korido ikaisha, cheusi tii. Nje lori likapiga honi. Alisuuza ndoo, akatazama: bado. Akaitazama sakafu, akaona michirizi.

"Leo nimelipua kazi, nimeharakisha kwa woga," alisema. "Narudia pale dirishani."

Akakamua tambara, akainama, akasugua taratibu kama siku zote. Alipoinuka, kioo kilikuwa kimejaa rangi ya bluu.

Mkuu alitoka kumrudisha dereva. Mjomba alibandua karatasi yake, akaweka mpya mezani pamoja na kalamu.

"Andika wewe."

Akaandika kwa herufi kubwa za duara: "7. Kioo kikibaki cheusi, usiguse. Piga deki chumba na korido. Usilipue."

"Na asiye na dekio?" Mkuu aliuliza aliporudi.

"Akaazime," Mjomba alijibu, akiibandika juu kidogo kuliko ile ya kwanza. "Mpwa wangu ndivyo alivyoelekeza."