Awamu ya Maboresho

Maji yalikatika Jumatatu asubuhi, na tangi la fundi matofali lilikuwa tupu. Alilimwaga mwenyewe Jumapili, akalisugua tope mpaka chini. Nani asingelisugua? Gari la matangazo lilikuwa limepita likinguruma kwamba mtaa unaingia kwenye "awamu ya maboresho ya upatikanaji wa maji". Kina mama walipiga vigelegele. Na sauti kwenye spika ilikuwa ya shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu anayekula kwake kila jioni.

Uani kulikuwa na matofali ya saruji mia sita, mabichi, ya nyumba ya muuguzi mmoja. Tofali bichi lisipomwagiliwa siku za mwanzo linapasuka. Muuza maji wa mkokoteni alikuwa amekalia madumu matupu. Bomba lake ni hilo hilo la mtaa.

Fundi akaenda ofisi ya maji. Ofisa alikuwa na tai, feni na chupa ya maji baridi mezani.

"Maji hayajakatwa, mzee wangu. Yameelekezwa kimkakati."

"Wapi?"

"Kiwanda cha soda. Ninyi mpo awamu inayofuata."

"Lini?"

"Tathmini shirikishi inaendelea."

"Mkubwa, mtu akikuvua suruali barabarani, utasema ameiboresha?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Ofisa akaandika kitu, pengine kwamba wananchi wameupokea mpango kwa furaha.

Jioni shemeji akaja, akanawa, akakaa mbele ya sahani.

"Ulijua?" fundi akamuuliza.

"Shemeji, mimi nasoma ninachopewa."

"Hata kasuku ana aibu kukuzidi."

"Nikisema maji yanakatwa, si wananinyang'anya kipaza sauti?"

"Huko barabarani sema upuuzi wao. Hapa kwa dada yako ungesema kwa mdomo mtupu. Neno moja tu: kingeni."

Shemeji akanyoosha mkono kwenye sahani. Dada yake akaiondoa.

Maji yalirudi wiki ya tatu, mekundu kwa kutu, na gari likapita tena kupongeza mafanikio. Katika matofali mia sita yalipona themanini na moja. Muuguzi alihamia kwa fundi mwingine. Vibarua wawili waliofyatua matofali hayo walirudi kwao mikono mitupu. Na mke wa fundi na kaka yake, watoto wa tumbo moja, mpaka leo hawasalimiani.