Kila Lita na Maiti Wake

"Umejamba?"

Hilo ndilo swali lililotangulia salamu wodini asubuhi ile. Manesi walisema "kutoa hewa", lakini mama wa kitanda cha pili, muuza mkaa wa siku nyingi, hakuwa na muda wa kupamba maneno. Mgonjwa akatikisa kichwa. Tangu akatwe utumbo jana mchana alikuwa hajaruhusiwa hata tone la maji, mpaka tumbo lenyewe litoe ushahidi kwamba limeamka. Midomo ilikuwa imempasuka kwa ukavu.

"Litasema tu," dada yake alisema, akimpangusa uso kwa kitambaa kibichi. "Matumbo ya kwetu hayajawahi kukaa kimya."

"Usinichekeshe, dada. Mshono unauma."

Dada alikuwa dobi, mpiga pasi kwenye banda la kufulia shuka za hoteli, mwanamke mwenye mikono iliyojaa alama za moto na mdomo usioungua. Mdogo wake alikuwa mshona sare za shule, na kwa mwaka mzima tumbo lilikuwa likimshika na kumwachia. Mara ya kwanza waliambiwa ni vidonda vya tumbo. Mara ya pili, minyoo. Mara ya tatu wakaambiwa ni mawazo, eti apunguze mawazo, kana kwamba mawazo ndiyo yanayompa mtu choo cheusi kama lami. Damu ikamwisha mwilini hata kucha zikawa nyeupe. Halafu juzi utumbo ukaziba kabisa, akawa anatapika kila anachomeza, na hapo ndipo akapatikana mtu wa kumpasua.

Huyo mtu, daktari kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, akamwita dobi kwenye korido. Mkononi alishika chupa ya plastiki yenye mdomo mpana. Ndani yake, kwenye maji ya chumvi, kulikuwa na kipande cha utumbo chenye uvimbe mkubwa kama limau.

"Huu ndio uliokuwa unamtesa," alisema. "Uvimbe wa utumbo mdogo hatuuoni kila siku. Kuna ulio mpole, huo ukishaukata mmeagana. Na kuna ulio saratani, huo una safari nyingine. Mimi kwa macho siwezi kujua. Lazima upimwe maabara kuu."

"Basi nipe niupeleke."

"Ndiyo shida yenyewe. Unatakiwa ulowekwe kwenye fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, na stoo yetu imeishiwa tangu mwezi uliopita. Usiku kucha umelala kwenye friji, lakini ukifika kesho hivi hivi utakuwa umeoza, na ukioza hatutajua kitu. Chupa za wagonjwa wengine wawili wa jana ziko humo humo kwenye friji, zinasubiri."

"Hospitali nzima haina?"

Daktari akaangalia sakafu. "Mochari wanayo, ya kuhifadhia maiti. Nimewaandikia, wakanijibu dawa ya maiti ni ya maiti. Na kwa huu wako kikombe kimoja kingetosha, kwa sababu tunachanganya na maji. Labda wewe ukiomba..."

"Nitaomba," dobi alisema.

Alipokuwa anashuka ngazi, simu ikalia. Alikuwa tajiri wake wa bandani.

"Leo shuka zinajipiga pasi zenyewe?"

"Bosi, niko hospitali, mdogo wangu jana..."

"Wiki nzima ni mdogo wako. Sasa nisikilize. Udhuru ninaoujua mimi ni mmoja tu, kifo. Ukifa nitakusamehe."

"Nimekusikia," dobi alisema, akakata simu kabla mdomo haujamponza.

Mochari ilikuwa nyuma ya jiko la hospitali, mlango wa bati uliopakwa rangi ya bluu. Mwenye stoo alikuwa mwanamume mnene aliyevaa buti za mpira, na kiunoni alining'iniza mzigo wa funguo. Hospitali nzima ilimwita Funguo. Dobi aliwapisha wafiwa waliokuwa mbele yake, kisha akasogea mezani.

"Pole na msiba, mama," Funguo alisema bila kuinua kichwa. "Jina la marehemu?"

"Sina marehemu. Nina mgonjwa."

Akainua kichwa. "Wagonjwa ni jengo la mbele."

"Ndiko nilikotoka. Naomba kikombe kimoja cha fomalini, kaka yangu. Uvimbe wa mdogo wangu usioze kabla haujapimwa."

"Ahaa, wewe ndiye wa yule daktari." Funguo akashusha pumzi. "Dada, si roho mbaya. Humu ndani kila lita ina maiti wake. Wakaguzi wakija wanahesabu maiti, wanahesabu na lita. Mwenzangu alimpa mtu chupa moja kwa huruma. Sasa hivi anauza maji barabarani."

"Sitaki lita. Nataka kikombe."

"Kikombe hakina mahali pa kuandikwa."

"Kwa hiyo mdogo wangu akifa, dawa ipo."

"Akifa ipo."

"Akiwa hai, hakuna."

Funguo akakuna shingo. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera dobi zaidi. Mtu mbaya angemtukana, roho ikatulia. "Nenda kwa bwana vifaa," alimwambia. "Akikupa kibali, nakupimia hapa hapa."

Bwana vifaa alikuwa kikaoni. Katibu wake, dada mwenye kucha ndefu, alimwonyesha benchi. Dobi akakaa. Watu waliingia na kutoka, chai ikapelekwa kikaoni, vikombe vikarudi vitupu, mchana ukageuka. Mwishowe katibu akajipaka mafuta ya mdomo na kusema, "Mama, leo haitawezekana. Njoo kesho."

"Kesho itakuwa imeoza."

"Nini?"

"Mnachokalia kikao," dobi alijibu, akaondoka.

Funguo alipomwona anarudi mikono mitupu alitazama nje, akafunga mlango, akateremsha sauti.

"Dada, nimekuonea huruma. Tufanye hivi. Tumwandike mdogo wako. Jina lake lipo, faili lake lipo. Tunaandika amefariki leo, unachukua lita yako, unakwenda zako. Wakaguzi wanataka maiti kwenye karatasi tu, hawafunui shuka. Ni wino, basi."

Alifungua daftari kubwa na kuweka kalamu tayari. Mstari ulikuwa mtupu. Moyo wa dobi ulitaka sana kusema ndiyo. Muda ulikuwa unakimbia, maabara kuu ilikuwa inafunga jioni, na kweli, wino ni wino. Lakini alipolitazama jina la mwisho kuandikwa, la bibi wa wafiwa waliokuwa pale asubuhi wakilia, akaisukuma kalamu pembeni.

"Hapana," alisema. "Mwaka mzima mmemwandika asivyo navyo. Mmemwandika vidonda, mmemwandika minyoo, mmemwandika mawazo. Kifo hamtamwandika."

"Basi mimi sina la kufanya."

"Unalo. Niandike mimi."

"Wewe?"

"Mimi hapa. Nimekula, nimelala, sina hata mafua. Wino wenu hauniwezi."

"Mama, una wazimu wewe."

"Wazimu ni kumnyima mtu dawa mpaka afe. Andika."

Funguo akaishika kalamu. Akauliza jina, akaandika. Akauliza umri, akaandika. Mahali pa faili akaandika 'ameletwa kutoka nyumbani'. "Sababu ya kifo?"

"Andika 'njoo kesho'."

Funguo alijaribu kukunja uso, lakini kicheko kilimponyoka, akakizibia kwa kiganja maana si mahali pa kuchekea. "Na anayemchukua marehemu ni nani?"

"Mimi mwenyewe. Ningemwachia nani?"

Akatia sahihi. Asikudanganye mtu. Si jambo jepesi kujichukua mwenyewe mochari. Funguo akamimina lita nzima kwenye chupa, harufu ikamchoma puani hadi machozi yakamtoka.

"Kikombe kingenitosha," dobi alisema.

"Umeandikwa lita, chukua lita. Ni haki yako ya marehemu."

Juu, daktari aliipokea ile chupa kwa mikono miwili. Hakuamini. "Wamekubali? Umeipataje?"

"Kuna mtu kafa."

"Pole sana."

"Asante. Ameacha urithi. Toa na zile mbili zilizo kwenye friji."

Daktari akachanganya dawa na maji, akaloweka vipande vyote vitatu, akabandika jina kwenye kila chupa, na dawa nyingine ikabaki. Akaifungia kabatini kwa ajili ya watakaofuata. Dobi akazifunga zile chupa tatu kwenye kitambaa na kupanda mlima kwenda maabara kuu, mwendo wa mtu anayewahi mazishi. Mlinzi alitaka kumzuia getini kwa sababu chakula hakiruhusiwi ndani. Alipofunuliwa kitambaa, alifungua geti lote.

Mpokeaji wa maabara akainua chupa moja kwenye mwanga. "Hizi zimehifadhiwa vizuri. Zinazoletwa kwenye maji matupu tunazirudisha zilikotoka. Majibu baada ya wiki tatu."

"Wiki tatu!"

"Mashine ni moja, mama."

Jioni, wodini, mdogo wake alikuwa amegeukia mlangoni, anamsubiri.

"Dada, siku nzima ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimekufa."

Akamsimulia yote, maneno ya daktari, bwana vifaa na kikao chake, Funguo na wino wake. Mama wa kitanda cha pili alisikiliza bila kujificha.

"Sasa ni ule mpole au ni ule mbaya?" mgonjwa aliuliza.

"Hawajui. Wiki tatu."

"Na ukiwa mbaya?"

Dobi akamshika mkono. Aliogopa, na alijua mdogo wake anaona kwamba anaogopa. "Ukiwa mbaya tutaufuata huko huko uendako. Mimi hawana tena cha kunitishia, nimeshawafia. Na kesho nikifika kazini, tajiri hana la kusema. Aliniambia nikifa atanisamehe."

Mdogo wake akacheka. Alishika mshono kwa mikono yote miwili, akasema "aii, dada, nihurumie," akacheka tena, na katikati ya kicheko ukasikika mlio, mrefu, usio na haya hata chembe.

"Huyooo!" mama wa kitanda cha pili alipiga makofi. "Nesi! Nesi, njoo, kumenguruma huku!"

Wodi nzima ikashangilia, hata waliokuwa na maumivu. Nesi alikuja mbio, akamsikiliza tumbo, akatabasamu. "Haya, mpeni maji. Kijiko kimoja kimoja, taratibu."

Marehemu akachukua kijiko, akamnywesha mdogo wake.